Sura ya Sita: Enoch Powell, kutoka Hola hadi Birmingham

Asubuhi ya tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola kando ya Mto Tana, askari magereza waliwatoa mahabusu zaidi ya 80 wakachimbe mfereji wa kumwagilia mashamba. Walikuwa watu wa Mau Mau ambao serikali ya kikoloni iliwaita sugu. Walikataa kukana kiapo chao, na walikataa kufanyishwa kazi za sulubu kwa sababu hakuna mahakama iliyowahi kuwatia hatiani. Mpango wa siku hiyo ulikuwa umeandikwa na kupitishwa na wakubwa: wakigoma, walazimishwe. Walipigwa marungu, na kipigo kilipokoma watu 11 walikuwa wamekufa na wengine wengi wameumizwa vibaya. Taarifa ya kwanza ya serikali ilisema marehemu walifariki baada ya kunywa maji yaliyoletwa kwa gari. Miili ilipochunguzwa na daktari, uongo huo ukaumbuka.

Huko London, chama kilichokuwa madarakani, Conservative, kilitaka jambo hilo lipite kimya kimya. Uchaguzi mkuu ulikuwa umekaribia. Waziri wa Makoloni, Alan Lennox-Boyd, hakujiuzulu, na Gavana Evelyn Baring hakujiuzulu. Mjadala wa Bunge kuhusu Hola, tarehe 27 Julai, ukaburuzwa hadi usiku wa manane. Ilipofika saa saba na robo akasimama mbunge wa upande wa serikali yenyewe, mtu mwembamba mwenye masharubu, macho makali na lafudhi ya Birmingham. Upande wake walikuwapo waliosema kwamba watu wenyewe waliokufa walikuwa hawajafikia hata kuitwa binadamu. Enoch Powell akawajibu kwamba hilo ni fundisho la kutisha, kumhukumu binadamu mwenzako kisha ukasema kwa kuwa alikuwa mtu wa namna fulani, basi kifo chake kisidaiwe kama kidaiwavyo kifo cha mtu mwingine. Akasema Uingereza haiwezi kuwa na kipimo kimoja cha haki nyumbani kwake na kingine barani Afrika. Penye mamlaka yake, lazima wajibu wake uwe ule ule. Denis Healey, aliyeketi upande wa pili wa ukumbi, alisema miaka mingi baadaye kwamba hakupata kusikia Bungeni hotuba kubwa kuliko ile.

Mkenya akiisoma hotuba hiyo leo huvutwa kumpenda aliyeitoa. Na ndiyo sababu, kati ya wanasiasa wote wa mrengo wa kulia waliomo katika kitabu hiki, huyu ndiye aliyenisumbua zaidi. Wengine unaweza kuwasingizia ujinga, au woga, au tamaa ya cheo. Powell hakuwa mjinga, hakuwa mwoga, na cheo alikitupa mara kwa mara. Alijua vizuri ubaguzi ni nini na unaua vipi, maana alikwisha kuusimulia mbele ya Bunge zima. Miaka tisa baadaye, mtu huyo huyo alipanda jukwaani Birmingham akatoa hotuba ambayo imewaumiza watu weusi na Waasia wa Uingereza kuliko maneno ya mwanasiasa mwingine yeyote wa nchi hiyo tangu vita vikuu vya pili.

Wanaomtetea husema alibadilika. Wapo pia wanaosema hotuba ya Hola inamtakasa na ile ya Birmingham. Mimi naona Powell wa Hola na Powell wa Birmingham ni mtu mmoja, na kasoro iliyomfikisha Birmingham ilikuwamo tayari ndani ya maneno yale mazuri ya usiku wa manane.

John Enoch Powell alizaliwa tarehe 16 Juni 1912 Stechford, kitongoji cha Birmingham, mtoto pekee wa baba na mama walimu. Mama yake alikuwa amejifunza Kigiriki mwenyewe, akamfundisha mwanawe. Kijana akafululiza kupata tuzo za Kigiriki na Kilatini hadi Chuo Kikuu cha Cambridge, na alipofikisha miaka 25 akateuliwa profesa wa Kigiriki katika Chuo Kikuu cha Sydney, Australia. Mwaka 1938 alichapisha kamusi ya maneno yote yaliyotumiwa na mwanahistoria Herodotus, kazi ya kuchambua neno baada ya neno, ambayo wataalamu bado wanaitumia. Vita vilipozuka mwaka 1939 aliacha kiti cha uprofesa, akajiandikisha jeshini kama askari wa kawaida. Vita vilipokwisha alikuwa brigedia, ingawa kazi yake ilikuwa ya ujasusi na mipango, na hakupigana mstari wa mbele. Jambo hilo lilimuuma maisha yake yote. Uzeeni alipoulizwa redioni angependa akumbukwe vipi, alijibu kwamba angependa angekuwa ameuawa vitani.

Jibu hilo linaeleza mengi. Powell alitaka mambo yawe mazima au yasiwepo kabisa. Alipokuwa jeshini India aliipenda nchi ile mno, akajifunza Kiurdu, akajiwekea lengo la kuwa siku moja mtawala mkuu wake kwa niaba ya mfalme. Mwaka 1947, habari ilipotangazwa kwamba Uingereza inaondoka India, alisimulia mwenyewe kuwa alitembea mitaa ya London usiku kucha. Kutoka hapo akageuka. Kama India haipo, akaamua, basi dola lote halina maana, na Jumuiya ya Madola iliyobaki ni uongo ambao Waingereza wanajidanganya nao. Hakuona nafasi katikati. Mtu mwingine angejiuliza: hawa mamilioni tuliowatawala, tuliowafundisha kuimba wimbo wa mfalme wetu, tuliowapeleka vitani chini ya bendera yetu, sasa tunadaiana nini nao? Powell alilifunga daftari.

Turudi Hola na hilo mkononi. Uzito wa hotuba yake ulikuwa wapi? Ulikuwa katika wajibu wa mawaziri na heshima ya Uingereza. Watu 11 walikufa chini ya mamlaka ya Uingereza, kwa hiyo Uingereza ilipaswa kuwajibika kwa ajili yao. Hoja ni sahihi, na ilihitaji ujasiri kuitoa. Lakini sikiliza inasimama juu ya nini: inasimama juu ya mamlaka. Mkikuyu aliyepigwa marungu ana haki ya kuliliwa maadamu yuko chini ya bendera ya Uingereza. Bendera ikishushwa, kwa Powell hakubaki kitu cha kumfunga Mwingereza na mtu huyo. Haki ya binadamu kwa kuwa ni binadamu, ambayo msomaji anadhani ndiyo aliyokuwa akiitetea, haikuwa msingi wa fikra zake. Ilitokea tu kwamba usiku ule njia mbili zilikutana.

Kuhusu siasa zake za uchumi sitakaa sana, maana zimeandikwa vya kutosha na wale waliozirithi. Januari 1958 alijiuzulu kutoka Wizara ya Fedha pamoja na Peter Thorneycroft na Nigel Birch kwa sababu serikali ilikataa kupunguza matumizi kwa pauni milioni 50 za mwisho, na miongoni mwa mapendekezo yaliyokataliwa ilikuwa kugusa posho za watoto. Aliamini soko liachwe lijiendeshe, serikali ijitoe, na mfumuko wa bei ukomeshwe kwa kubana fedha. Margaret Thatcher alikuja kuyatekeleza mengi ya hayo. Kuna mambo ambayo lazima apewe haki yake: alipinga adhabu ya kifo, na aliunga mkono kufutwa kwa sheria iliyowafunga mashoga, katika chama ambacho wengi hawakutaka hata kusikia.

Kinachonihusu zaidi ni miaka yake kama Waziri wa Afya, 1960 hadi 1963. Hospitali za Uingereza wakati huo zilitegemea wauguzi kutoka Jamaika, Barbados na Trinidad, na madaktari kutoka India na Pakistani. Bila hao, wodi nzima zingefungwa. Waziri aliyekuwa juu yao alikuwa Powell. Alijua idadi yao, alijua wamefanyiwa usaili na kuajiriwa, alijua wanaosha vidonda vya nani. Mwaka 1962 wauguzi walipodai nyongeza ya mshahara, alishikilia msimamo wa serikali wa asilimia 2.5 huku manesi wakiandamana barabarani. Na alipokuja kusimama Birmingham kuwaeleza Waingereza juu ya wahamiaji, aliwagusia wageni waliofanya kazi hospitalini kwa sentensi chache tu, akasema hao si wahamiaji anaowazungumzia. Muuguzi wa Jamaika aliyetoka zamu ya usiku Wolverhampton akapanda basi kurudi nyumbani hakuwa na alama usoni ya kumtofautisha na Mjamaika mwingine yeyote. Waliomtukana ndani ya basi hawakusoma ibara hiyo ya hotuba.

Sasa tuingie mwaka 1968, ambao ulianzia kwetu kabla ya kufika Birmingham.

Kenya ilipopata uhuru Desemba 1963, ilikuwa na Waasia karibu 180,000: mafundi wa reli na wajukuu wao, makarani, walimu, wenye maduka ya Ngara na ya miji midogo ya mikoani. Walipewa miaka miwili kuamua kama watachukua uraia wa nchi mpya. Wengi walisita, wakabaki na pasipoti za Uingereza, wakiamini karatasi ile ina thamani iliyoandikwa juu yake. Mwaka 1967 serikali ya Jomo Kenyatta ikapitisha sheria za uhamiaji na za leseni za biashara zilizowabana wasio raia. Vibali vya kazi vikawa vya muda, maduka yakaanza kufungwa. Serikali ya Kenya ina lawama zake hapa, na hazifutiki kwa kumlaumu Mwingereza: iliwaadhibu watu kwa kusita kwao, wakiwamo waliozaliwa Mombasa na Kisumu na ambao hawakujua nchi nyingine. Mwanzoni mwa 1968 uwanja wa ndege wa Embakasi ulijaa familia zenye masanduku, zikikimbilia London kabla mambo hayajaharibika.

Huko London, waliopiga kelele za kutaka mlango ufungwe walikuwa wawili hasa. Mmoja ni Duncan Sandys, ambaye ndiye aliyekuwa waziri mwenye dhamana ya makoloni siku Kenya inapata uhuru. Wa pili ni Powell, ambaye Februari 9 alihutubia Walsall akionya juu ya Waasia wa Kenya. Serikali ya chama cha Labour, kwa woga mtupu, ikatii. Waziri wa Mambo ya Ndani James Callaghan alipeleka muswada ambao ulipita Bunge ndani ya siku tatu na kuwa sheria Machi 1. Kuanzia siku hiyo, mwenye pasipoti ya Uingereza angeingia Uingereza bila kizuizi ikiwa tu yeye, au mzazi wake, au babu yake alizaliwa au kupata uraia ndani ya Uingereza yenyewe. Mkulima mzungu wa Nakuru alipita. Mwenye duka Mhindi wa Ngara, mwenye pasipoti ya rangi ile ile na nembo ile ile, alizuiwa. Watu walirushwa kutoka uwanja mmoja wa ndege hadi mwingine kwa kuwa hakuna nchi iliyowataka. Iain Macleod, aliyekuwa Waziri wa Makoloni na mwana-Conservative kama Powell, alipiga kura ya kupinga, akisema nchi yake iliwapa watu hawa ahadi. Mwaka 1973 Kamisheni ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliona kwamba ubaguzi huo wa rangi ulifikia kiwango cha kuwadhalilisha watu.

Wiki saba baada ya sheria hiyo, alasiri ya Jumamosi Aprili 20, Powell alisimama mbele ya wanachama wa chama chake katika chumba cha juu cha Hoteli ya Midland, Birmingham. Martin Luther King alikuwa ameuawa Memphis siku 16 zilizopita. Powell hakuropoka. Alikuwa amemwambia rafiki yake Clement Jones, mhariri wa gazeti la Wolverhampton Express & Star, kwamba atatoa hotuba itakayopaa kama fataki, na tofauti na fataki nyingine, hii haitaanguka. Nakala alizigawa mapema, kamera za televisheni zikaja. Jones aliposikia kilichosemwa, urafiki wao ukaisha.

Hotuba ilikusudiwa kupinga muswada wa mahusiano ya rangi, ambao ungekataza mwenye nyumba kumnyima mtu chumba, au mwajiri kumnyima mtu kazi, kwa sababu ya rangi. Hizo ni siku ambazo vibao vya kuwakataa watu weusi vilibandikwa madirishani waziwazi. Powell aliligeuza jambo chini juu: katika maneno yake anayeonewa ni mzungu, na sheria ya kumpa mtu mweusi nafasi ya kupanga chumba ni silaha ya kumtesa mwenye nchi. Alisimulia kwamba mpiga kura wake mmoja, mtu wa kawaida, alimwambia kuwa baada ya miaka 15 au 20 mtu mweusi ndiye atakayeshika mjeledi juu ya mtu mweupe. Mwishoni akaazima kwa mshairi wa Kirumi Virgil taswira ya Mto Tiber uliojaa damu.

Lakini kiini cha hotuba ni kile kisa cha bibi kizee. Powell alisoma barua iliyomhusu mjane mmoja wa Wolverhampton, aliyepoteza mume na wana wawili vitani, ambaye mtaa wake ulijaa watu weusi akabaki mzungu pekee. Anawanyima vyumba, kwa hiyo madirisha yake yanavunjwa, kinyesi kinasukumwa katika tundu lake la barua, na watoto wanamfuata njiani wakimwimbia neno la matusi. Aliyeandika barua hakuwa mjane huyo, na hakuwa hata mkazi wa mji huo. Kwa maelezo ya Powell mwenyewe, ilitoka kwa mtu wa Northumberland, mbali kaskazini. Waandishi wa habari waliusaka mtaa na mjane, wakarudi mikono mitupu. Powell alikataa kumtaja. Gazeti la Sunday Times lilipomshutumu, alilishtaki kwa kumchafulia jina. Kesi ilipofika mahali pa kutakiwa azitoe barua zake, akaiacha.

Hebu tulitazame hili kwa makini, kwa sababu hapa ndipo tabia ya mtu inapoonekana. Msomi huyu alitumia ujana wake kupima maandishi ya kale: nakala hii imetoka wapi, nani aliinakili, neno hili ni la mwandishi au limepachikwa. Angemchana mwanafunzi wake ambaye angemletea Herodotus kwa ushahidi wa mtu aliyesikia kwa mtu. Tena Wolverhampton lilikuwa jimbo lake tangu 1950, alikuwa na nyumba mjini humo, na mtaa wowote wa jimbo angeufikia kwa miguu. Angebisha hodi kwa huyo bibi. Angebisha hodi pia kwa majirani zake kutoka Jamaika na Punjab, ambao nao walikuwa wapiga kura wake na walikuwa na haki ya kusikilizwa na mbunge wao. Hakwenda. Alikesha na Virgil, akawapima kwa hesabu na utabiri watu waliokuwa wakiishi mwendo wa dakika chache kutoka mlangoni pake.

Mwaka 1964, katika kampeni, alikuwa ameahidi hadharani kwamba hatakubali kamwe raia mmoja atofautishwe na mwingine kwa sababu ya asili yake. Kwa hiyo hata kanuni ilikuwapo, kwa maneno yake mwenyewe.

Edward Heath, kiongozi wa chama, alimfukuza siku iliyofuata kutoka nafasi ya waziri kivuli wa ulinzi. Gazeti la The Times liliiita hotuba hiyo ya uovu. Lakini Aprili 23 makuli wa bandari ya London, watu ambao Powell na siasa zake za soko hakuwahi kuwafaa kwa lolote, waliandamana hadi Bungeni kumtetea, na wachukuzi wa soko la nyama la Smithfield wakafuata. Barua zaidi ya 100,000 zilimiminika kwake, karibu zote za kumpongeza. Kura ya maoni ya Gallup ilionyesha asilimia 74 wanakubaliana naye. Na kabla mwezi haujaisha, vijana wa kizungu waliivamia sherehe ya ubatizo ya familia ya Wakaribi hukohuko Wolverhampton, wakamkata mtu kwa kisu huku wakilitaja jina la Powell.

Wanaomtetea hurudia kwamba alisema tu kile ambacho wananchi walikuwa wakikiwaza. Ni kweli wengi walikiwaza. Mji ulikuwa na uhaba wa nyumba, shule zilijaa, watu wa kawaida walikuwa na wasiwasi wa haki ambao mabwana wa London hawakuusikiliza. Kiongozi mwenye akili kama yake angeweza kuwaambia kwamba nyumba hazitoshi kwa sababu hazijajengwa, na kwamba serikali ambayo yeye alitaka itumie kidogo zaidi ndiyo ilipaswa kuzijenga. Badala yake aliwaonyesha jirani yao. Mwenye nyumba aliyekuwa akiona haya kidogo kubandika kibao chake sasa alikuwa na profesa wa kumuunga mkono.

Husemwa pia kwamba hesabu zake zilitimia. Alitabiri kwamba kufikia mwaka 2000 wahamiaji wa nchi za Jumuiya ya Madola na vizazi vyao wangekuwa kati ya milioni 5 na 7. Sensa ya 2001 ilihesabu watu milioni 4.6 wasio weupe, asilimia 7.9 ya wakazi. Hakukosea kwa mbali, na wala si hapo anapolaumiwa. Hesabu ya watu haisemi lolote juu ya damu. Hilo aliliongeza yeye. Ghasia za Brixton za Aprili 1981, ambazo wafuasi wake walizishika kama ushahidi, zilichunguzwa na jaji, Lord Scarman, aliyeona kwamba vijana wale walikuwa wamechoshwa na ukosefu wa ajira na kukamatwakamatwa na polisi. Wengi wao walizaliwa hapo hapo Uingereza.

Na hao waliozaliwa hapo ndio aliowashughulikia Novemba 1968, mjini Eastbourne, katika hotuba ambayo kwangu ni mbaya kuliko ile ya Birmingham ingawa haina damu ndani yake. Alisema kwamba Mkaribi au Mwasia hawi Mwingereza kwa kuzaliwa Uingereza. Kisheria anakuwa raia. Kwa uhalisi anabaki kuwa Mkaribi au Mwasia. Akapendekeza warudishwe makwao kwa mpango mkubwa wa serikali wenye wizara yake. Uoga wa wageni wengi unaweza kuisha siku ambapo wageni wamezoeleka, kwa sababu lugha inafanana, watoto wanacheza pamoja, watu wanaoana. Fundisho la Eastbourne linakataa siku hiyo isije. Mtoto anaweza kuzaliwa Wolverhampton, akasoma Wolverhampton, akazungumza kwa lafudhi ya Powell mwenyewe, na bado akaambiwa kwao ni Jamaika, kisiwa ambacho hajakiona. Yule aliyesema juu ya Hola kwamba mtu asihukumiwe kwa kuwa ni wa namna fulani, sasa alikuwa akimhukumu mtoto mchanga.

Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Heath, sasa akiwa Waziri Mkuu, na ambaye sina haja ya kumfanya shujaa, alikubali kwamba wenye pasipoti za Uingereza ni jukumu la Uingereza, na watu wapatao 28,000 wakapokelewa, wengi wakiteremka uwanja wa Stansted na nguo walizovaa. Powell alishikilia kwamba nchi yake haikuwa na wajibu wa kisheria kwao. Oktoba mwaka huo, katika mkutano mkuu wa chama Blackpool, alijaribu kuwashawishi wajumbe wampinge kiongozi wao, akashindwa. Halmashauri ya mji wa Leicester ilikuwa imelipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwasihi Waasia wasije mjini kwao. Walikwenda hata hivyo, wakafungua viwanda na maduka, na mji ule ukaja kujivunia uamuzi ambao haukuutaka.

Februari 1974 Powell aliwaambia Waingereza wakipigie kura chama cha Labour ili watoke katika soko la pamoja la Ulaya, akakihama chama chake, na Oktoba akarudi Bungeni kupitia jimbo la South Down, Ireland ya Kaskazini, alikodumu hadi 1987. Watu humsifu kwa hilo: mtu wa kanuni, aliyepoteza kila kitu kwa ajili ya anachokiamini. Nakubali kwamba alipoteza. Lakini gharama ya hotuba ya Birmingham hakuilipa yeye peke yake. Yeye alipoteza wizara. Kuna watu walioishi miaka yote ya 70 wakivuka barabara upande wa pili wakiona kundi la vijana, na hao hawakuwa na kanuni yoyote waliyoichagua kuifia. Mpaka anafariki tarehe 8 Februari 1998 hakuwahi kuwaomba radhi.

Nusu karne baada ya Embakasi, chama cha Conservative kilijaa watoto wa watu ambao Powell alitaka wazuiwe. Priti Patel, ambaye wazazi wake walitoka Uganda, alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani aliyetia saini mjini Kigali, Aprili 14, 2022, mkataba wa kuwasafirisha Rwanda waomba hifadhi waliofika Uingereza kwa mashua. Rishi Sunak, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu Oktoba mwaka huo, ni mtoto wa baba aliyezaliwa Kenya na mama aliyezaliwa Tanganyika. Aliupigania mpango wa Rwanda hata baada ya Mahakama ya Juu kuuita haramu Novemba 2023. Suella Braverman, aliyemrithi Patel wizarani, ni binti wa mtu aliyeondoka Kenya Februari 1968, mwezi ule ule wa hotuba ya Walsall, siku chache kabla mlango haujafungwa. Oktoba 2023 aliwaambia wajumbe wa chama kwamba upepo uliowaleta wazazi wake ulikuwa mdogo ukilinganishwa na kimbunga cha wahamiaji kinachokuja. Februari 2025 akaandika katika gazeti la Telegraph kwamba yeye mwenyewe, ingawa alizaliwa na kukulia Uingereza, hatakuwa kamwe Mwingereza wa kweli. Fundisho la Eastbourne lilikuwa limepata wa kulikariri ndani ya nyumba ambayo lilikusudia kuifungia nje. Sunak alipoulizwa juu ya jambo hilo hilo mwaka uleule, alijibu kwamba yeye ni Mwingereza, amezaliwa pale na kulelewa pale.